Bangkok: yule mzee wa "leo pamefungwa" na bajaji ya baht 20

Naomba nianze na hasira, mazuri yatafuata kama yatabaki. Ukifika nje ya ukuta wa ile ikulu kubwa ya Bangkok, wenyewe wanaiita Grand Palace, akakusogelea mzee kavaa shati limenyooka pasi, kitambulisho kinaning'inia kifuani, anatabasamu kama mjomba mliyepoteana miaka, akakwambia leo pamefungwa mpaka saa saba mchana kuna ibada, we mpite tu huyo mzee. Usiitikie hata salamu. Mi niliitikia, ndo kosa langu, kwetu mtu mzima akikusalimia unaitikia, sa ningefanyaje.

Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu. Ana duka la nguo Kariakoo na mzigo anachukuaga Pratunam, soko la nguo la huko Bangkok, na dada akishaingia Pratunam hatoki, ni ghorofa juu ya ghorofa za magauni, yeye na muuzaji wanapokezana kikokotoo, huyu anaandika bei huyu anafuta anaandika yake, hawaelewani hata neno moja na biashara inaenda. Siku ya tatu miguu ikagoma nikamwambia dada mi naenda kutalii. Akasema nenda mdogo wangu, ila bajaji usipande.

Sasa yule mzee. Kaniuliza natoka wapi, akasifia dera langu, eti nimevaa kwa heshima wenzangu wanakuja na kaptula wanarudishwa getini (hilo ni kweli kabisa, mabega na magoti yafunikwe). Hafu ndo akatoa ile habari ya kufungwa, kwa huruma kabisa, kama anakupa taarifa ya msiba. Akachukua ramani yangu akazungushia peni sehemu tatu: kuna sanamu la Buda wa bahati, kuna "kituo cha serikali" cha mawe ya thamani ambacho leo ndo siku ya mwisho kuuza bila kodi, hafu nirudi ikulu ikiwa imefunguliwa. Akapiga mluzi. Bajaji ikatokea kama ilikuwa chini ya ardhi. Baht 20 mzunguko mzima, yaani kama buku na nusu ya kwetu. Mtu wa Dar anayejua bei ya bajaji angeshtuka hapo hapo, mi nikaona nimebahatika.

Buda wa bahati alikuwepo kweli, kahekalu kadogo kametulia, nikakaa dakika kumi nikajisikia vizuri. Hapo bado nawapenda watu wote.

Halafu dukani. Kiyoyozi kinauma mifupa, nikaletewa soda kabla sijakaa, kaka mmoja kavaa suti akatandika kitambaa cheusi mezani akaanza kupanga pete. Yakuti za bluu, nyekundu, mi natikisa kichwa tu. Alipoona sishikiki akainama, akashusha sauti, akatoa kiboksi chini ya meza, akasema hili sionyeshi kila mtu madam, hili ni adimu kuliko almasi, linaitwa tanzanaiti.

Jamani. Mi nimezaliwa Arusha. Mjomba wangu ni dalali wa mawe tangu sijaanza shule, hayo mawe yanatoka Mererani na duniani hakuna pengine yanapochimbwa, nimekua naona watu wamechuchumaa barabarani wanamulikiana tochi kwenye viganja. Nikamuuliza kwa upole, hili linatoka wapi? Akasema Afrika, mgodi umeshafungwa, yamebaki haya haya. Nikalichukua. Mjomba alitufundisha jiwe ligeuze taratibu kwenye mwanga, tanzanaiti ya kweli ukiitazama huku ni bluu, ukiigeuza inakuja zambarau, haikai na sura moja. Hili nililigeuza mpaka kidole kikachoka, bluu ile ile pande zote, kama kizibo cha maji ya chupa. Elfu thelathini na nane za baht!

Nikatoa pasipoti nikaiweka juu ya kile kitambaa cheusi, neno Tanzania limtazame. Akaisoma. Akaniangalia. Nilidhani ataona aibu. Akafurahi! Eti "oo Tanzania! basi madam wewe unajua uzuri wake," akashusha mpaka elfu tisa. Niliondoka hata soda sijamaliza.

Nje dereva kanuna. Kumbe ye analipwa kuponi ya mafuta na duka kwa kila mgeni anayemleta, ila mgeni lazima akae kidogo, na mi nimetoka mapema. Akanionyesha kabisa ile kuponi ya jana, karatasi imechakaa kwa jasho, akasema sista, dakika kumi tu duka la suti, usinunue, kaa tu. Na hapa mtanicheka ila nilimuonea huruma, nimeona madereva wangapi nyumbani wanahangaika na hesabu ya tajiri jioni. Nikaenda kukaa kwenye duka la suti za kiume dakika kumi na tano, napimwa mabega na mimi ni mwanamke nimevaa dera. Tulipotoka akataka na duka la tatu, nikakataa, basi akanishusha kwenye barabara nisiyoijua, hata ile baht 20 hakuitaka, akapotea.

Nimetembea. Joto la Bangkok sio la Dar, Dar kuna upepo wa bahari, pale hewa imesimama kama umefunikwa na sufuria. Nafika ikulu, tiketi wanakata mwisho saa tisa na nusu alasiri na hiyo ilishapita kama dakika kumi. Mlinzi akaninyooshea kidole kwenye kibao kilichokuwepo siku zote, kwa Kiingereza cha kueleweka, kwamba ikulu inafunguliwa kila siku, msiwaamini watu msiowajua wanaojifanya wema. Kila siku! Kuanzia saa mbili na nusu asubuhi! Na zile siku chache wanazofunga kwa shughuli za mfalme wanatangaza wenyewe, hawamtumi mzee wa barabarani. Pale nilisema Bangkok sirudi, na ningeandika usiku ule ningewaambia msikanyage.

Ila nilikuwa na hasira na miguu inauma, nikajikokota mpaka Wat Pho, hekalu la jirani tu. Ndani kuna Buda amelala, mita 46 kutoka utosini mpaka unyayoni, amejaa chumba chote mpaka unamuona vipande vipande katikati ya nguzo, na nyayo zake zimenakshiwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa. Mgongoni mwake ukutani kuna vibakuli 108 vya shaba vimepangwa mstari, unanunua visenti vyao unatembea unadondosha kimoja kimoja, ting, ting, ting, na kila mtu aliye mbele yako na nyuma yako anadondosha. Nilipofika bakuli la sabini na kitu nikagundua simfikirii tena yule dereva. Hapo tu pesa yangu ilirudi.

Hafu nikavuka mto Chao Phraya kwa kivuko kidogo cha baht chache, kama wa Kigamboni ila hawasukumani, ng'ambo ndo Wat Arun, hekalu lingine. Mnara wote umepachikwa vipande vya sahani za kauri za Kichina, maua kwa maua, nikakumbuka yale makaburi ya zamani ya Kunduchi yaliyowekewa mabakuli ya Kichina, yaani bahari ile ile na biashara ile ile. Nje pale nikala wali wa kunata na embe, tui la nazi limemwagiwa juu lina kachumvi kwa mbali. Mtu wa pwani atalia. Nikafuta yote niliyosema mchana.

Dada aliponisikia usiku alicheka mpaka akakaa chini kwenye mifuko ya magauni. "Mdogo wangu, umeuziwa tanzanaiti?" Nikamwambia sikuuziwa, nilitaka kuuziwa. Hakusikia.

Kesho yake nilirudi ikulu asubuhi, baht 500 nikatoa, kama elfu arobaini ya kwetu, ghali na watu ni wengi kama siku ya Sabasaba, mnasogea kwa mabega. Ila dhahabu ya mle ndani inaumiza macho. Wamejenga tangu 1782 na bado kuna mafundi juu ya ngazi wanabandika vioo. Kwenye hekalu la humo humo ikulu unavua viatu, picha hairuhusiwi, unakaa miguu nyuma, na kule juu kabisa ndo yupo Buda wa Zumaridi, mdogo, sentimita 66 tu, ana nguo za dhahabu za misimu mitatu na mfalme ndo anambadilishia. Na mnajua nini? Hata hilo sio zumaridi, ni jiwe lingine la kijani. Nilicheka peke yangu mbele ya ibada mpaka mama mmoja akanigeukia. Ila huyu namsamehe, huyu hakuna anayemuuza.

Kwa hiyo nendeni? Nendeni. Mi nilikuwa nimeshaamua hivyo, natoka getini roho nyeupe kabisa, nikamkuta mzee wangu pale pale ukutani, shati lingine, pasi ile ile, ameshika ramani ya wazee wawili wa kizungu na peni inazungusha duara la tatu. Damu ikapanda yote upya. Nikapaza sauti, "Pamefunguliwa! Mimi ndo natoka humo sasa hivi!" nikawaonyesha na tiketi.

Yule mama wa kizungu alinitazama kuanzia kwenye dera mpaka kwenye ndala, akakumbatia pochi yake, akamshika mumewe mkono, wakapanda bajaji.