Kipima klorini cha kwenye bomba, aina ya utando: uzoefu wangu

Nimekitumia kwenye maji ya kisima kirefu, klorini ya unga ikiyeyushwa na kuingizwa kwa pampu kabla ya tanki. Sensa yake ina utando na elektroliti (kimiminika kinachopitisha umeme) ndani, inasoma klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) mfululizo na kutoa mkondo wa umeme wa 4–20 mA unaobeba namba hiyo. Nakipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya kitabu cha maelekezo: kinaeleza menyu kurasa kwa kurasa, halafu kinagusia tu mambo ya maji, na matatizo karibu yote yako huko.

Anza na mtiririko. Sensa hii hula klorini inayoipima, kwa hiyo maji yakipungua kasi, namba nayo inashuka hata kama klorini bombani ni ileile. Changu kinataka lita 30 kwa saa, yaani nusu lita kwa dakika. Weka chujio na koki ya kurekebisha kabla ya sensa, na maji ya kutoka yaachwe yadondoke wazi. Ukiyarudisha kwenye bomba lenye presha, utando unaumia. Mpira wa sampuli, unaoleta maji kwenye sensa, uwe mwembamba. Mita 10 za mpira wa milimita 6 kwa ndani hubeba mililita 280 hivi, maji yanafika baada ya nusu dakika. Ukitumia bomba la nusu inchi, ni zaidi ya dakika mbili, na pampu ya klorini itakuwa inafuata habari za zamani.

Kujaza kofia ya utando kunataka utulivu. Mimina elektroliti hadi juu, gonga kofia kidogo vipovu vitoke, kisha ifunge taratibu ili ziada ivuje yenyewe. Utando usiuguse kwa kidole. Ncha ya dhahabu husuguliwa kwa msasa maalumu uliokuja na sensa. Ile sehemu ya fedha iliyobadilika rangi kuwa kahawia iache kabisa, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ukishawasha, usifanye kalibresheni (kurekebisha namba ya kifaa ilingane na kipimo cha mkono) papo hapo. Sensa mpya huhitaji saa kadhaa kutulia, nami hurudia kupima baada ya saa 24. Chukua sampuli kwenye mdomo wa maji yanayotoka kwenye sensa yenyewe, si bombani jikoni, tia kidonge cha DPD namba 1 (kemikali inayoyageuza maji yenye klorini kuwa ya waridi) na usome mara moja. Jihadhari: klorini ikizidi sana huifuta rangi ya waridi, ukadhani hakuna kitu. Ukiwa na shaka, changanya sampuli na maji yasiyo na klorini, upime tena.

Sasa lile linalowachanganya mafundi wengi: DPD inasema 0.6 mg/L, kifaa kinasema 0.3. Kabla ya kulaumu sensa, pima pH (kipimo cha uasidi wa maji). Aina hii husoma zaidi asidi ya haipoklorasi, ambayo ni sehemu moja tu ya klorini huru. Kwenye pH 7 hiyo ni zaidi ya robo tatu ya klorini huru. Kwenye pH 8 inabaki kama robo tu. DPD yenyewe inahesabu klorini huru yote. Klorini ya unga hupandisha pH, na maji ya kisima yakipoteza hewa ya ukaa tankini nayo hupanda. Kama pH yako haitulii, nunua chenye sensa ya pH ya kusahihisha, au chukua cha rangi kinachotumia DPD na ukubali gharama ya kemikali kila mwezi.

Namba inayorukaruka mara nyingi ni vipovu vilivyong'ang'ania utando, au waya wa ishara uliolazwa sambamba na waya wa mota ya pampu. Namba inayoshuka polepole kwa wiki kadhaa ni uchafu wa chuma au elektroliti iliyochoka.

Usiunganishe pampu ya klorini bila swichi ya mtiririko. Chujio likiziba, sensa husoma karibu sifuri, pampu nayo inaongeza klorini bila kukoma. Swichi inatakiwa kuizima pampu na kupiga kengele.

Umeme ukikatika siku nyingi, usiache utando ukauke. Funga koki zote mbili, ya kuingia na ya kutoka, maji yabaki ndani. Na agiza kofia mbili za akiba pamoja na kifaa, ila elektroliti usilimbikize, ina tarehe ya mwisho.