Pampu ya maji ya gari: ipi ununue Kampala, ipi uiache dukani

Ukifika Kisekka, soko la vipuri, kuulizia pampu ya maji, muuzaji atataka kujua una shilingi ngapi. Wewe anza na jambo jingine: pampu ya gari lako inazungushwa na mkanda upi? Hilo ndilo linaloamua kama bei rahisi itakusaidia au itakutia hasara.

Kwenye Toyota Ipsum na Noah za zamani zenye injini ya 3S, pampu imejificha nyuma ya kifuniko cha taimingi belti, mkanda unaooanisha mwendo wa injini, na belti hiyohiyo ndiyo inayoizungusha. Fundi hutumia muda mwingi kuifikia tu. Pampu mbovu ikianza kuvuja baada ya muda mfupi, unalipa ufundi upya, na belti ikishalowa kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) unanunua na belti. Kwenye Premio, Fielder au Probox za 1NZ, na zile za 1ZZ, pampu iko nje na inazungushwa na mkanda uleule wa alteneta. Huko ukikosea, hasara ni ndogo.

Lakini usinunue kabla hujajua kwamba kweli ni pampu. Gari kuchemsha peke yake hakutoshi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya rejeta ni presha inayoshikiliwa na kifuniko, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kinaweza kuchemsha gari zima. Anza na hicho, kisha feni, kisha mipira ya kupitisha maji.

Pampu ina dalili zake. Kwenye mwili wake, karibu na shafti, kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na kiwanda: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi. Mulika kwa tochi ya simu. Ukiona michirizi mikavu ya waridi, ya kijani au ya kutu inayoshuka kutoka kwenye kitundu, sili imeanza kwisha hata kama chini ya gari hakujadondoka tone. Kisha, injini ikiwa imezimwa na imepoa, mkanda umetolewa, shika puli uitikise. Ikicheza, au ukiizungusha ikakwaruza, beringi imekwisha. Fundi akitaka kung'oa themostati, ile vali inayodhibiti joto la injini, kabla ya kuangalia haya yote, tafuta fundi mwingine. Kuing'oa kunaficha ugonjwa tu, na injini inaanza kula mafuta kwa sababu haifikii joto lake.

Sasa uchaguzi wenyewe. Nafasi ya kwanza naipa pampu ya Toyota yenyewe au ya Aisin, kampuni inayoitengenezea Toyota pampu nyingi. Kwa injini ya 3S nunua hii, na ubadilishe taimingi belti na beringi zake siku hiyohiyo, kwa sababu ufundi ni uleule. Nafasi ya pili ni pampu za kampuni za GMB au NPW. Kwa pampu ya nje mimi ningechukua hizi bila wasiwasi, hata kama pesa ya kununua ya kwanza ipo.

Ya tatu ni zile za boksi jeupe lisilo na jina. Ziko zinazodumu, lakini huwezi kuzijua kwa macho, na hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu ikishapinda kwa joto, nafuu yote uliyoipata imekwenda. Kwenye 3S usiguse kabisa.

Ya mwisho ni mitumba, na hapa najua wengi watanibishia, maana muuzaji atakuapia kwamba ni orijino iliyotoka na injini Japani. Alteneta ya mtumba nitakuunga mkono. Pampu hapana. Sili yake imezoea kukaa ndani ya kulanti, nayo imekaa miezi rafuni ikikauka, na beringi yake tayari ina kilomita ambazo hakuna anayezijua. Jina la kiwanda juu yake halirudishi uzima wa mpira wa sili.

Maboksi ya Aisin ya kughushi yapo pia, kwa hiyo usinunue boksi. Nenda na pampu yako ya zamani, uziweke mbili pamoja kwenye kaunta: matundu ya bolti, urefu wa shafti, idadi ya mapanga ya kusukuma maji, namba ya boksi na iliyoandikwa kwenye chuma. Uzungushe shafti kwa mkono. Iende laini na nzito kidogo, bila kuyumba. Uso wa kukaa gasketi uwe umenyooka. Dai risiti yenye muhuri na muda wa garantii ulioandikwa. Muuzaji akikataa kuandika, nenda duka linalofuata.

Wakati wa kufunga, gasketi iwe mpya, na rejeta ijazwe kulanti, si maji ya bomba. Maji hayo huleta kutu, na kutu ndiyo inayokula mapanga na sili. Fundi aache injini iungurume mpaka hewa iishe ndani. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko. Kulanti ikiwa imeshuka kidogo, ni hewa iliyotoka, ongeza. Ikishuka tena keshokutwa, rudi dukani na risiti kabla hujaingia barabara ya Masaka.