Kukagua upungufu wa damu: kucha au kope?

Hapa Tanga, mama akitoka harusini Chumbageni, kucha na viganja vimekolea hina. Ukitafuta weupe wa upungufu wa damu kwenye kucha hizo hutauona. Kwenye kope hina haifiki: muombe ruhusa, msogeze dirishani penye mwanga, vuta kope ya chini taratibu, uangalie utando wa ndani kama umepauka. Mimi huanzia hapo, ingawa macho mekundu huweza kukuchanganya.

Kucha nazo zisiachwe. Rangi haifichi umbo: kucha iliyobonyea katikati kama kijiko mara nyingi huashiria upungufu wa madini ya chuma. Hapo muulize: "Mama, siku zako damu hutoka nyingi? Unaishiwa pumzi ukitembea?" Kisha apimwe hemoglobini, yaani kiini chekundu cha damu kinachobeba oksijeni.