Boila la kuni na rejeta katika nyumba ya wageni Kabale: uzoefu wangu

Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai usiku wake huuma. Nje joto hushuka hadi kama nyuzi 10, ukungu hulala mabondeni mpaka asubuhi ishike, na nyumba ya matofali ikishapoa haipati joto tena hadi jua litoke vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa huku Kigezi, eneo la Kabale. Tuna nyumba ya wageni ya ghorofa moja kando ya barabara ya kwenda Katuna, mpakani na Rwanda, na wateja wetu wengi ni madereva wa malori yanayopeleka mizigo Rwanda. Mezani kwetu kunazungumzwa Kiswahili, na kwa miaka mingi lalamiko lilikuwa lilelile: "Mama, chakula kizuri, kitanda kizuri, lakini baridi hii!"

Tangu tuweke boila la kuni (chombo cha kupasha maji kwa moto) na rejeta vyumbani (mabati yanayopitisha maji hayo ili yapashe chumba), wenye hoteli na hata mwalimu mmoja wa shule ya bweni wamekuja kuangalia. Karibu wote huuliza boila ni la aina gani na liligharimu pesa ngapi. Huwajibu, kisha huwapeleka kuona mabomba, maana boila lenyewe lilichukua chini ya theluthi ya pesa tuliyolipa. Yaliyobaki yalikwenda kwenye mabomba, rejeta, pampu na kazi, na huko ndiko nilikofurahia na huko ndiko nilikosumbuka.

Kilichonisukuma hasa ni sigiri. Mgeni akizidiwa na baridi huomba sigiri yenye makaa, anaiweka chumbani, anafunga dirisha, analala. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kulala asiamke. Nilikataza sigiri vyumbani, lakini kumkatazia mtu moto bila kumpa joto jingine ni kazi ngumu. Hita za umeme tulizijaribu. Moja hula wati 1,500, na zikiwashwa tano kwa pamoja saketi inaruka na nyumba nzima inabaki gizani. Paneli za jua za kupasha maji ni nzuri kwa kuoga, na ninazipenda, ila maji ya kupasha nyumba nzima usiku kucha ni mengi mno kwao, tena katika miezi ambayo jua letu huchelewa.

Basi tukachagua maji ya moto. Moto unawaka sehemu moja tu, kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na moshi unatoka kwa dohani yake. Boila linapasha maji hadi nyuzi 65 au 70. Pampu ndogo inayasukuma kwenye bomba la kwenda, yanaingia katika rejeta ya kila chumba, yanaacha joto lake humo, yanarudi kwa bomba jingine yakiwa yamepoa kidogo, na boila linayapasha tena. Ni maji yaleyale yanayozunguka mwaka mzima. Hayanywewi, hayaogewi, hayatoki.

Fundi alinionyesha hesabu ambayo ilinifanya nielewe kwa nini watu walichagua maji. Lita moja ya maji ikipoa kwa nyuzi 15 inaacha joto la kilojuli 63. Ukizungusha lita 10 kwa dakika, maji yakiondoka na nyuzi 65 na kurudi na 50, nyumba imepata kama kilowati 10.5, yaani hita saba za wati 1,500, na pampu inayofanya kazi hiyo inakula kama wati 60. Hewa haiwezi kubeba joto kiasi hicho kwenye bomba jembamba namna ile. Rejeta nayo sehemu kubwa ya joto lake huitoa kwa kupasha hewa inayopanda kati ya mabati yake: hewa baridi huingia chini, hutoka juu ikiwa na joto, hupanda hadi darini, huzunguka chumba na kurudi. Ndiyo maana mafundi waliziweka chini ya madirisha, pale baridi inapoanguka. Na ndiyo maana madereva wakitundika suruali za jinzi zilizolowa juu ya rejeta, chumba kinabaki baridi na suruali inakauka. Niliwawekea kamba kwenye koridoni kando ya bomba la kwenda, na sasa tunaelewana.

Wiki za kwanza hazikuwa nzuri. Vyumba vilivyo karibu na boila vilikuwa moto hadi wageni wanafungua madirisha, na vya mwisho wa koridoni vilikuwa kama zamani. Kampuni iliyotufungia mfumo, kutoka Kampala, ilikuwa imeshalipwa na kuondoka, na kila nikipiga simu naambiwa boila ni dogo, ninunue kubwa zaidi. Hapo nilikasirika kweli. Boila halikuwa dogo. Maji hupita njia rahisi, na rejeta za karibu zilikuwa zinayameza yote kabla hayajafika mwisho. Kila rejeta ya chumba ina vali mbili: moja ya mgeni kuongeza au kupunguza, na nyingine upande wa pili, iliyofunikwa kifuniko, ambayo fundi huibana ili kila chumba kipate mgao wake. Hakuna aliyekuwa amezigusa zile za upande wa pili. Fundi mwingine, kijana aliyewahi kufanya kazi Nairobi, alishinda kutwa akipita chumba hadi chumba na kipimajoto, akibana za karibu na kuachia za mbali, akisubiri, akirudi. Jioni chumba cha mwisho kilikuwa na nyuzi 20. Hatukununua chochote.

Kijana huyo pia alinifundisha kusoma rejeta kwa mkono, na hili ningependa kila mwenye mfumo huu alijue. Rejeta ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina hewa ndani. Unachukua kiufunguo kidogo, unafungua skrubu iliyo juu pembeni, unasikia hewa inapiga fyuu, na maji yakianza kuruka unafunga. Ikiwa moto juu na baridi katikati kwa chini, humo mna matope meusi ya kutu. Kutu hutokana na oksijeni, na oksijeni huja na maji mapya. Kwa hiyo mtu anayeongeza maji kila wiki bila kutafuta panapovuja anaozesha mabomba yake mwenyewe. Kwetu tuliweka dawa ya kuzuia kutu siku ya kujaza, na geji ya presha huiangalia mimi mwenyewe kila asubuhi kabla ya chai.

Sasa nije kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo mfumo wa kuni unapotofautiana na yote utakayosoma kuhusu maboila ya gesi ya Uingereza au Urusi. Boila la gesi umeme ukikatika linazima. Kuni hazizimi. Pampu ikisimama na kikasha cha moto kimejaa mikaratusi, maji yaliyo ndani ya boila yanaendelea kupanda joto. Na kwa urefu wetu huu maji kwenye sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi kama 93 tu. Mfumo uliofungwa wenye presha ya baa 1.5 (baa ni kipimo cha presha) huyazuia yasichemke hadi zaidi ya nyuzi 120, lakini hutaki kufika huko. Sisi tuna kinga tatu. Pampu iko kwenye inveta yenye betri. Boila lina mlango wa hewa unaojifunga taratibu kwa mnyororo joto likipanda, bila umeme. Na kuna rejeta moja kubwa ghorofani, imeunganishwa kwa bomba nene lisilo na vali yoyote, ambako maji ya moto hupanda yenyewe kwa wepesi wake hata pampu ikiwa imekufa. Umeme wa Kabale hukatika, kila mtu anajua, na yeyote atakayekuuzia boila la kuni bila kukuuliza swali la umeme, mwambie asante, nitafikiria.

Juu ya hizo tatu kuna vali ya usalama, inayofunguka presha ikifika baa 3. Ilianza kudondosha maji, tone tone, kila moto ukikolea. Mume wangu alimwita fundi bomba wa hapa karibu, mtu wa heshima na mchapakazi. Akaitazama, akatoa plagi ya chuma kwenye mfuko wake na uzi mweupe wa kuzibia, akasema, "Mama, hii tunaifunga tu, dakika mbili." Nikasimama mbele ya boila. Nikamwambia mzee wangu, nakuheshimu, lakini hiyo haifungwi mimi nikiwa hai. Chombo cha chuma kilichofungwa pande zote na moto chini yake hupasuka, na kibanda chetu kiko hatua chache kutoka jikoni wanakofanya kazi mabinti wanne.

Chanzo kilikuwa kitu kingine kabisa. Maji yakipata joto hupanuka. Mfumo wetu una kama lita 200, na kutoka nyuzi 15 hadi 75 maji hayo huongezeka kwa karibu lita 5. Lita hizo huenda kwenye tangi dogo jekundu lenye mpira katikati: maji upande mmoja, hewa upande mwingine. Hewa ya tangi letu ilikuwa imetoka, maji hayana pa kupanukia, presha inapanda, vali inafanya kazi yake. Yule kijana alipofika alishusha presha ya maji, akafungua kifuniko cheusi kwenye tangi, na ndani mlikuwa na vali ya hewa kama ileile ya tairi la gari. Akajaza hewa kwa pampu ya mguu ya dereva mmoja wa Mombasa aliyekuwa amelala kwetu. Vali ikaacha kudondosha. Fundi wetu wa jirani alikuwepo, akaangalia yote, akauliza maswali mazuri, na sasa ndiye anayetutunzia mfumo.

Kuni zinahitaji nidhamu. Mikaratusi tunayo milimani tele, lakini iliyokatwa jana nusu ya uzito wake ni maji, na moto unapoteza nguvu kuyachemsha. Dohani inajaa masizi na lami, na lami hiyo inaweza kushika moto. Tunapasua, tunapanga chini ya bati pande zote zikiwa wazi, na hatugusi mpaka misimu ya mvua ipite. Kilo moja ya kuni iliyokauka vizuri ina kama kilowati-saa 4. Iliyolowa ina karibu nusu tu. Kwa mbichi, kijana wetu anayewasha boila alikuwa anaamka usiku kuongeza. Kwa kavu, anajaza saa nne usiku na analala.

Jengo lenyewe nalo lilidai haki yake. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha yasiyofungika, na vyumba vya juu vilikuwa na bati tupu bila dari. Tuliweka dari na sufi ya kioo juu yake ya kuzuia joto lisitoke, na vifuniko vya kufungua na kufunga kwenye matundu. Hilo tulithubutu kwa sababu hakuna tena moto chumbani. Kama wageni wako bado wanaingia na sigiri, usizibe tundu hata moja. Baada ya dari, kuni zilipungua waziwazi, na laiti mtu wa kampuni angenishauri hivyo kabla ya kunihesabia rejeta, ningenunua chache.

Maji ya kuoga yako kwenye tangi la pembeni. Maji ya boila hupita ndani yake kwenye koili ya shaba, hayachanganyiki. Tunaliweka kwenye nyuzi 60, kwa sababu maji ya uvuguvugu yaliyotulia huzalisha bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, na kabla ya kufika bafuni vali ya kuchanganyia huyapoza ili yasimuunguze mtoto.

Nikitoa nyota, mfumo naupa tano, kampuni naipa tatu. Walichomelea vizuri, hakuna kiungo kilichovuja hata kimoja. Lakini waliondoka bila kuacha mchoro wa mabomba na bila kumfundisha mtu wetu, na walitaka kuniuzia boila jingine wakati bisibisi ilitosha. Alfajiri vyumba vilivyokuwa vikisoma nyuzi 14 au 15 sasa vinasoma 20, na madereva wanapigiana simu kutoka Mbarara kuulizana kama kwa Mama kuna nafasi.

Mwakani tunaongeza vyumba upande wa bustani. Mkataba tayari nimeuandika na mume wangu: malipo ya mwisho yatatoka baada ya kila rejeta kupimwa na kulinganishwa mbele yetu, mchoro uwe umebandikwa ukutani mwa kibanda, na umeme tuuzime makusudi, moto ukiwa umekolea, tuone maji yanakwenda wapi.