Seti ya vidani vya plastiki ya kusinyaa: nimeitumia miezi miwili hapa Kigoma

Hii seti niliagiza Dar kwa 38,000, ikapakiwa kwenye basi ikanifikia Mwanga hapa Kigoma mjini siku ya tatu, nauli ya mzigo juu yangu. Ndani kuna karatasi 10 za plastiki nyeupe saizi ya A4, penseli za rangi 24, viringi vya kuunganishia, cheni tano na koleo ndogo. Niseme mapema kabisa, plastiki yenyewe ni nzuri mno nimeipenda, ila cheni na viringi vimeniangusha.

Kwa ambao hamjaiona, ni plastiki unachora juu yake, unakata kwa mkasi, unaipasha moto inasinyaa inakuwa ngumu kama kifungo cha koti. Kiwandani inavutwa ikiwa ya moto halafu inapozwa hivyohivyo imevutika, sasa ukiipasha tena inarudi ilivyokuwa, upana na urefu vinapungua unene unaongezeka. Marekani iliuzwa toka 1973 kama mchezo wa watoto kwa jina la Shrinky Dinks. Yangu haina jina lolote kwenye boksi ila kazi ni ileile.

Maelekezo yanataka oveni, nyuzi 160, dakika mbili tatu. Oveni sina. Nikafanya kama tunavyooka keki, sufuria kubwa lina mchanga juu ya jiko la mkaa, juu ya mchanga sahani ya bati na karatasi ya kuokea, nikafunika nikaweka na makaa juu ya mfuniko. Hapo ndo nilikosea, joto likazidi, mgebuka wangu wa kwanza (samaki wa ziwa letu Tanganyika, ndo niliyemchora) ukajikunja mkia ukagusa kichwa vikashikana palepale, haukufunguka tena. Toka siku hiyo juu siweki makaa kabisa na natumia mfuniko wa kioo ili nione. Mwanzoni kimya, halafu pembe moja inanyanyuka, yote inajikunja kama dagaa akiingia kwenye mafuta, na wewe usifunue, iache, inajipinda mpaka unaona imeshaharibika halafu taratibu inajilaza yenyewe. Ikilala tu itoe, weka karatasi juu, gandamiza na kitu bapa (mi natumia pasi ikiwa ya baridi) hesabu mpaka 10. Na fanyieni nje barazani jamani, ile harufu sio ya kuvuta ndani na watoto.

Kuna mambo mawili karatasi ya maelekezo haikuyasema na yamenigharimu. Tundu la kupitishia kiringi litobolewe KABLA ya kupasha, ikishakuwa ngumu ukitoboa inapasuka, nimepoteza sokwe wawili hivyo, na nilikuwa nimewachora kwa saa nzima. Tumia ile mashine ya kutobolea karatasi ya ofisini, tundu utaliona kubwa mno lakini nalo linasinyaa. La pili rangi, paka hafifu sana maana inakolea. Mgebuka wa pili niliuchora sentimita 12 ukatoka 5, kijivu cha mgongoni kikawa karibu cheusi, na mistari ya mapezi ikawa myembamba kama uzi wa buibui, mama mkwe akaugeuza geuza mkononi akauliza nimechonga na kisu gani.

Sasa cheni. Wiki mbili tu na joto letu hili na jasho, zimekuwa nyeusi, na binti yangu akatoka vipele shingoni vikamwasha siku nne. Iliniuma sana kwa sababu ule mkufu nilimtengenezea yeye. Muuzaji nilimwandikia na picha nikamtumia, alisoma hakujibu mpaka leo. Nimezitupa zote. Nikachukua uzi wa nta kwa fundi viatu, nikatunga na shanga za mbao, nikaning'iniza mgebuka katikati na miembe ya Ujiji pembeni, na kwakweli imependeza kuliko ya cheni. Nimeshauza 11 kwa 5,000 kila mmoja.

Nimejaribu pia mifuniko myangavu ya maboksi ya keki, ile yenye namba 6 ndani ya pembetatu, inasinyaa vizuri ila lazima uisugue na msasa laini kwanza, la sivyo penseli haishiki. Chupa za maji zenye namba 1 msihangaike nazo, zinapindapinda hovyo.

Nitaagiza tena, ila karatasi tupu bila hivyo vichuma vyao. Imebaki moja na nusu, na ile nusu binti yangu ameshaiwahi, amechora Liemba, ile meli ya ziwani, na moshi unatoka kwenye bomba, tundu ametoboa mwenyewe juu ya moshi, jioni makaa yakishika tunaipasha.