Riwaya ya malkia au kumbukumbu za Salme, usome ipi?

Wakuu, hapa Tabora maembe yakianza kuiva mi nakaaga chini ya mwembe na kitabu, na safari hii nimejikuta nasoma viwili kwa mpigo, kimoja riwaya inayomhusu Anne Boleyn, malkia wa Uingereza, kingine kumbukumbu alizoandika Sayyida Salme mwenyewe, binti wa Sultani wa Zanzibar, zilizotoka kwa Kijerumani 1886.

Riwaya inanoga bwana, sikatai. Unaingizwa mpaka chumbani, unasikia malkia anavyonong'ona kabla hajakatwa kichwa 1536, ila kila saa najiuliza hivi hayo maneno nani aliyasikia? Mtunzi kajaza mapengo. Poa tu, ndo kazi yake.

Salme ni kitu kingine. Haharakishi, kuna kurasa anaelezea nguo na misosi mpaka unasinzia, lakini ukifika pale anapojifunza kuandika kwa siri, ananakili aya za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, aisee nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo, mtunzi gani angebuni hiyo? Halafu 1866 anatoroka Unguja, ana mimba ya Mjerumani, anabatizwa Aden, anaolewa, 1870 mume anafariki kwa ajali ya tramu Hamburg. Ila naye ana siri zake, habari ya mapenzi yao anaipitia juu juu kama mtu anakimbia mvua.

Kwenye treni ya Kigoma nabeba riwaya. Ya Salme inabaki nyumbani, naisomaga usiku polepole.