Toyota IST ya 1.3, miaka minne: mafuta, mashimo ya Kivule na thamostati iliyotupwa

Dalali aliyeniletea IST ya kwanza aliniapia kwamba mkanda wa taimingi umebadilishwa juzi tu. "Dada yangu, hapo husumbuki tena mpaka kilomita laki moja." Nilimshukuru, nikamrudishia funguo. Injini za toleo la kwanza la IST, 2NZ ya lita 1.3 na 1NZ ya lita 1.5, hazina mkanda wa taimingi. Zinatumia mnyororo. Kama kabadilisha kitu ambacho hakipo, hayo mengine aliyoniambia niyachukulieje?

Ya tatu ndiyo niliyoichukua, Novemba 2020, kwa shilingi 9,400,000. Ni ya mwaka 2004, namba D, chesisi inaanza na NCP60, yaani 1.3 isiyo na foo wili. Ukiona NCP61 hiyo ni 1.5, na NCP65 ni 1.5 yenye foo wili. Soma chesisi kwenye kadi, kisha ifungue boneti uisome na kwenye chuma, maana nimeshaona mtu anauza "1.5" ambayo kadi yake inasema vingine. Odometa ilikuwa 112,000 na leo ni 171,000. Hiyo 112,000 mimi siiapii. Hizo nyingine 59,000 nimeziendesha mwenyewe.

Kwa nini sikuagiza? Nilipiga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA na nikaona gari lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine zote. Kwa gari la 2004 nilikuwa nalipa kodi ya kununulia gari jingine. Nikaona bora nitafute la hapa hapa Dar ambalo limeshatolewa bandarini na mtu mwingine, naye ameshaumia kwa niaba yangu.

Siku ya kuangalia nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu kabla. Nilimwambia mwenyewe napita tu kabla ya kazini. Nilitaka nilikute la baridi, kwa sababu gari lililowashwa tangu alfajiri linaficha mengi. Nilishika boneti, ilikuwa ya baridi kweli. Likawashwa, nikasimama nyuma ya bomba la moshi. Moshi wa bluu ungeniondoa pale pale, maana huo ni oili inaungua. Sikuuona. Nikaweka D, nikarudi R, nikaweka D tena nikiwa nimekanyaga breki, nikisikiliza kama gia boksi inapiga kishindo. Kisha nikatoa sumaku ya friji niliyoifunga kwenye kipande cha kanga nisije nikakwaruza rangi. Mlango wa kushoto wa nyuma sumaku ilidondoka mara mbili. Puti, ile ya kuzibia bodi iliyobonyea, maana haishiki sumaku. Mwenye gari akakiri kwamba bodaboda aliingia hapo. Tukashuka laki tatu na nusu kwenye bei, na mlango huo haujawahi kunisumbua.

Matairi nayo yana umri wake ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa DOT. Yangu yalisomeka 1114, wiki ya 11 ya mwaka 2014. Yalikuwa na kashata nzuri kabisa, yanang'aa, na yamekauka kama mkaa. Niliyabadilisha wiki hiyo hiyo. Kabla ya kulipa nilikagua pia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari, na stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima. Faini ya 30,000 ililipwa na muuzaji nikiwa nimesimama.

Sasa gari lenyewe. Ninakaa Kivule na ofisi iko Posta, kama kilomita 25, nyingi zake ni foleni ya Barabara ya Nyerere. Kwa kazi hiyo IST ni gari la haki. Unageuza popote, unapaki popote, viti vya nyuma vinalala vikabeba magunia mawili ya mkaa au godoro la tano kwa sita (boneti ya nyuma ikiwa imefungwa kwa kamba, nakiri). Kwa mashimo ya kwetu ni fupi kidogo. Mvua za masika nimekwangua kinga ya chini mara tatu. Lakini nyuma haina vitu vingi vya kufa, na mbele kinachokwenda zaidi ni stabilaiza linki na bushi. Ukisikia ko-ko-ko ukipita rasta kwa mwendo mdogo, anza na linki, usikubali kuuziwa shokapu kwanza. Mimi niliuziwa shokapu kwanza.

Safari ndefu ninayoikumbuka ni ya Iringa, Desemba 2021, watu wazima wanne na mizigo. Mpaka Mikumi gari linakwenda kama halina habari. Kupanda Kitonga ndipo 1.3 inapokwambia umri wake. AC nilizima, lori la mbele likawa ndiye kiongozi wangu, na kaka yangu kiti cha nyuma akawa anajishika kana kwamba anasaidia kusukuma. Kurudi nilishusha gia hadi 2 na kuiacha injini izuie mwendo, sikukaa juu ya breki. Kama unasafiri bara mara kwa mara na familia kamili, tafuta 1.5. Kama ni mjini na harusi ya Bagamoyo mara moja moja, 1.3 inatosha na inabakiza hela mfukoni.

Na hapo kwenye hela ndipo lilipotokea jambo lililonifanya niandike.

Nina kaunta buku kwenye droo ya gari. Kila nikijaza tenki naandika odometa na lita. Si uchumi, ni tabia ya kihasibu. Miezi ishirini ya kwanza wastani ulikuwa kilomita 13.5 hadi 14.5 kwa lita, foleni ikiwamo. Katikati ya 2022, petroli ikiwa imeshavuka 3,000 kwa lita na kila mtu anaumia, kaunta buku likaanza kuonyesha 11. Kisha 10.8. Kisha 10.4.

Kila fundi niliyempelekea alikuwa na jibu. Wa kwanza, plagi: nikaweka nne mpya. Wa pili akasema nozo ni chafu, akazisafisha. Wa tatu, aliyekuwa akiongea na mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na saba ilhali gari ni langu na pochi ni yangu, akasema sensa ya oksijeni, na kama si hiyo basi "kontrol boksi imechoka". Hapo nilikuwa nimeshatoa laki mbili na kitu, na matumizi hayajasogea hata pointi moja.

Likizo ya mwezi ule gari likawa la sokoni na kurudi tu. Siku moja nimefungua kifuniko cha oili, chini yake kuna utando mweupe kama mtindi. Garaji iliyo jirani yangu wakautazama kwa sura ya msiba. "Dada, gasketi ya hedi hiyo. Maji yameingia kwenye oili." Bei ya kufungua injini, kuchonga hedi na gasketi: laki saba na nusu, na nilipie nusu kwanza. Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Lakini nikajiuliza: kama maji yanaingia kwenye oili, mbona rejeta haipungui? Mbona sioni moshi mweupe? Mbona oili kwenye stiki ni nyeusi safi? Nikachora mstari kwa kalamu kwenye tenki dogo la akiba na nikaangalia kila asubuhi kwa siku kumi. Maji yalikaa pale pale.

Mwenzangu ofisini akanielekeza kwa mzee mmoja Ilala. Mzee hakufungua kitu. Alisema nimwachie gari lilale. Asubuhi akaliwasha, akaweka kiganja kwenye mpira wa chini wa rejeta, akaniambia na mimi niweke changu. "Huu mama, unatakiwa ukae wa baridi mpaka injini ipate moto. Ndipo uchemke kwa mara moja." Wangu ulikuwa unapata uvuguvugu taratibu tangu dakika za mwanzo, pamoja na injini. Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukatoka hadi flaiova ya Mfugale pale TAZARA. Kwenye mwendo wa 70 joto la injini lilisoma nyuzi 66. Thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo injini ilipaswa kuwa juu ya hapo.

Akafungua kikombe cha thamostati. Ndani hamna kitu.

Nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma rejeta ilivuja na nikaiziba kwenye garaji moja ya chini ya mwembe. Fundi yule, bila kuniuliza, aliitoa thamostati na kuitupa, kisha akajaza maji ya bomba. Ni desturi ya garaji nyingi: wanaamini thamostati ni ya nchi za baridi, na kwamba huku kwetu inachemsha injini. Nilishawahi kusikia hata wenye magari wakisifia, "mimi yangu niliitoa, halijawahi kuchemka."

Mzee alinieleza akiwa amekaa kwenye tairi kuukuu. Injini ikiwa haifiki joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, basi inazidisha petroli. Gia boksi nayo inachelewa kukupa gia ya juu. Oili haipati joto la kukausha unyevu, hasa kwa safari fupi fupi, na unyevu huo ndio uliogeuka mtindi kwenye kifuniko. Kwa hiyo plagi, nozo, sensa na ile gasketi ya laki saba na nusu vyote vilikuwa vinasingiziwa kosa la kidude cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa.

Maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Walisukutua mpaka yakatoka meupe, mara ya tano. Thamostati mpya ilikuwa 45,000 na ringi yake ya mpira, kulanti nyekundu iliyochanganywa tayari 40,000, ufundi 30,000. Aliiweka kile kitundu kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu, akaacha injini ikinguruma na kifuniko wazi, hita imefunguliwa, mpaka mapovu yakaisha. Jumla 115,000. Tenki la kwanza baada ya hapo: 13.2. La pili: 13.9. Utando ulioko kwenye kifuniko niliufuta kwa tishu na haujarudi.

Kuhusu spea, hili ndilo jambo linalonifanya nisiliuze. Injini ya 2NZ na 1NZ zipo kwenye Probox, Funcargo, bB na nyingine nyingi, kwa hiyo kwenye maduka ya spea ya Gerezani hukosi kitu. Ukikwama maelezo ya kiufundi mtandaoni, tafuta Scion xA, ndilo jina IST yetu iliyouzwa nalo Marekani, japo kule ilikuja na 1.5. Wizi nao upo. Vioo vya pembeni viliondoka Sinza nikiwa kwenye kitchen party, saa tatu usiku, sherehe ikiendelea. Viwili nilivyonunua nimechora namba ya gari, pamoja na taa zote. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, si siku ya pili kama mimi.

Kwa sasa shokapu ya mbele kulia imeanza kutoa jasho, na mauntini moja ya injini inatikisika nikiwa kwenye taa na AC imewashwa. Vyote ni vya umri.

Mwezi uliopita nilipeleka gari kuongeza gesi ya AC. Kijana alipofungua boneti akaniuliza kama AC haipozi vizuri kwenye foleni. Nikasema kidogo. "Basi dada, ngoja nikutolee na thamostati, utaona tofauti." Niliteremka, nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa pembeni yake mpaka alipofunga boneti.